Mpangaji Mwenye Adabu

Kwa miaka mingi adui pekee wa kompyuta yetu niliyemjua alikuwa vumbi. Aliyeishi Dodoma hahitaji kuelezwa. Unafuta meza asubuhi, unatoka kukung'uta kitambaa, ukirudi ndani meza imeshabadilika rangi. Kwa hiyo kompyuta ya sebuleni kwetu, pale Area D, niliifumia vitambaa viwili, kimoja cha kufunika uso wake na kingine cha ule mtambo unaokaa chini ya meza, vyeupe vyenye maua ya bluu pembeni, seti moja na vya makochi. Mgeni akiingia alidhani tuna televisheni mbili na moja tunaiheshimu zaidi.

Nilijihesabu mtu wa usalama. Radi ikianza kunguruma nilikimbilia kuchomoa waya wa kompyuta kwanza, nguo za kuanua baadaye. Wadukuzi nilikuwa nawasikia kwenye taarifa ya habari. Kwa fikra zangu walikuwa vijana wa nchi za baridi wanaovamia mabenki. Wangetafuta nini Area D, kwa mama mwenye picha za kipaimara na maelezo ya kutengeneza achari ya ndimu?

Nikiri jambo mapema. Kompyuta yenyewe ilikuwa ikiniuliza maswali ya msingi kila nilipoiwasha. Programu zako zimepitwa na wakati, tuzisasishe? Nilibonyeza "Baadaye". Kinga yako ya virusi imeisha muda wake, uihuishe? Baadaye. Ungependa tukutumie tarakimu za siri kwenye simu kila unapoingia, kwa usalama zaidi? Baadaye. Niliibonyeza hiyo Baadaye jinsi mzazi anavyomjibu mtoto anayelilia soda dukani, bila hata kumtazama.

Halafu Baba akaja kukaa na sisi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote ya kazi, Mgogo wa kule kusini, upande wa Mtera. Mama alipofariki aliendelea kuishi kijijini peke yake na mbuzi wake, mpaka siku jirani aliponipigia kuniambia kwamba Mwalimu amekwenda kisimani mara tatu asubuhi moja na mara zote amerudi na ndoo tupu. Nikamfuata. Alikuja na sanduku la bati, redio, koti moja zito na kalamu nyekundu za kusahihishia, nusu dazani, alizosema hakuna aliyemwambia azirudishe shuleni.

Alikuwa anasahau. Si kila kitu, wala si kila siku. Alisahau kwamba amekunywa chai, akanywa nyingine, na hilo halikumdhuru mtu. Lakini ukimuuliza habari za malisho aliyochungia utotoni, yale ambayo sasa yako chini ya maji ya bwawa la Mtera, alikutajia kila kilima, kila kisima na kila mti uliokuwa na nyuki. Ukimuuliza rangi za ng'ombe kwa Kigogo ndipo ulipompa kazi. Mimi najua ng'ombe mweusi, mweupe, mwekundu na wa mabaka, basi. Baba alikuwa na neno la ng'ombe mwenye baka jeupe begani, na neno jingine kabisa la mwenye baka hilohilo tumboni, na alinishangaa jinsi nilivyofika umri huu bila maneno hayo.

Tukaanza kuandika kitabu. Nikirudi kazini na kuvua viatu, naiondolea kompyuta kitambaa chake, Baba anakaa kwenye kochi, anakunja nne, anakohoa kidogo na kuuliza, "Tuliishia wapi?" Namwambia. Anaanza imla, polepole, kila sentensi mara mbili, kama vile nyuma yangu limekaa darasa la nne zima. Sote wawili tulijua kwa nini tunafanya haraka na hakuna aliyelisema. Nilitaka maneno yale yatoke kichwani mwake na kuingia mahali pengine kabla hayajapotea. Hicho ndicho kitu pekee nilichokitaka mwaka ule.

Kila Ijumaa Baba alidai nimchapishie kurasa za wiki ile kwenye karatasi. Jumamosi alizisahihisha kwa kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza nilipata sabini na mbili kwa mia, na chini aliandika: "Ana bidii lakini ana haraka. Aongeze umakini." Mimi, mama wa watoto wawili, mwenye cheo na ofisi yenye mlango, nikawekewa alama za vyema kwenye karatasi. Nilivumilia miezi mitatu. Siku moja nikamwambia kwamba wino umepanda bei, na kwamba karatasi hazina maana tena, kwa sababu kitabu kiko ndani ya kompyuta, na hata kompyuta ikiungua kuna nakala inajihifadhi yenyewe mtandaoni.

"Mtandaoni wapi?"

"Huko juu, Baba."

Akatazama dari. Akasema, "Karatasi mimi naishika."

Nikamwambia dunia imebadilika. Wino ulikuwa kisingizio. Nilikuwa nimechoka kusahihishwa. Hakubishana. Alizikusanya karatasi alizokuwa nazo akaenda nazo chumbani kwake, na mimi nikaendelea kuchapa kwa raha zangu, bila maksi.

Uani kwetu kuna chumba tunachopangisha wanafunzi wa chuo. Aliyekuwemo alimaliza masomo akaondoka, nikaandika tangazo na kulibandika kwenye vioski viwili vya fotokopi mjini. Nililiandika kwa ufundi: chumba kizuri, maji yapo, geti linafungwa, mwenye nyumba mstaarabu. Chini nikaweka namba yangu ya simu, na kwa kuwa nilitaka mpangaji msomi, nikaweka na anwani ya barua pepe.

Jumamosi moja nilikwenda saluni nikaacha simu inachaji sebuleni. Niliporudi nilimkuta Baba amechangamka kuliko nilivyomwona kwa wiki nyingi. Mpangaji alikuwa amepiga.

"Kijana mwenye adabu," Baba alisema. "Ameniamkia kabla sijasema hata haloo. Ameuliza afya yangu. Ameuliza mvua. Aliposikia ninavyoongea akasema, 'Babu, wewe Mgogo, mbukwenyi!' Nikamjibu. Kumbe kakulia Kongwa."

Hapo nilijua Baba ameshatekwa. Mtu akimwamkia Baba kwa Kigogo kwenye simu angeweza kuomba ufunguo wa geti akapewa, na sahani ya ugali juu yake.

Kisha, kwa maelezo ya Baba mwenyewe, kijana aliuliza swali ambalo kila mtu anayekuja Area D kwa mara ya kwanza huuliza. "Nikishuka kwenye bajaji, nimuulizie mama nani?"

Lazima nieleze hili vizuri kwa sababu ndiyo habari yote. Mitaa yetu ina majina kwenye ramani na nyumba zina namba kwenye vibao, na hakuna anayevitumia. Ukimtafuta mtu unauliza mama fulani, yaani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jina nililopewa na wazazi wangu linajulikana kwa mwajiri wangu, benki na padri aliyenibatiza. Kwa majirani, muuza maziwa, fundi bomba na kamati zote za harusi na misiba, mimi ni Mama Fulani tangu siku nilipotoka wodini. Jina lenyewe la huyo Fulani sitaliandika hapa, maana nimeshajifunza.

Baba alimpa kijana jina la mjukuu wake. Kijana akasema analiandika, hivyo anaomba atajiwe herufi moja moja. Hakuna kitu kilichowahi kumfurahisha Baba maishani kuliko mtu anayeandika anapoambiwa. Akamtajia herufi zote, mara mbili. Kijana akauliza kama huyo dada bado yuko shule. Baba akasema yuko chuo kikuu. Kijana akasema basi watakuwa rika moja, yeye kazaliwa mwaka gani? Baba akamtajia mwaka, akaongeza mwezi, akamweleza na jinsi mvua zilivyokuwa nyingi siku hizo.

"Huyo mpe chumba," Baba akamalizia. "Siku hizi nani anauliza habari za nyumbani kwako kabla ya kusema shida yake?"

Kijana alisema atakuja Jumapili mchana kuona chumba. Nilikifagia, nikaweka balbu mpya, nikapika wali wa kumtosha na mgeni. Baba alivaa koti lake akaenda kukaa kwenye kiti getini, kwenye jua kali lile. Ilipofika saa kumi nilimwomba aingie ndani.

"Labda bajaji imempeleka Area C," alisema. Alimtetea hivyo mpaka wakati wa chakula cha jioni, na wali wa kijana nikala mimi.

Jumatatu asubuhi, nikiwa ofisini, shangazi akapiga simu. Shangazi ni mdogo wake Baba, dalali wa mahindi pale Kibaigwa, mwanamke ambaye sauti yake huwafanya madereva wa malori warudi nyuma bila kuuliza sababu.

"Wewe uko mzima?"

"Mzima, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, hapo sawa. Maana kuna mtu anajiita wewe kanitumia ujumbe asubuhi hii. Eti umebadilisha namba, umekwama, nitume hela haraka, na nisipige simu kwa sababu uko kikaoni. Hajaniamkia! Hajauliza mguu wangu! Nikasema, huyu ama si mtoto wetu ama karogwa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamuuliza mguu wangu unaouma ni upi. Kasema wa kulia. Nikamwambia ni wa kushoto, na nikimpata ya kwake nitaivunja yote miwili."

Kabla ya saa sita walikuwa wamenipigia dada wa kwaya, mwalimu wa mwanangu wa pili na binamu ambaye hatujasemeshana tangu ugomvi wa msibani. Wote walikuwa wamepokea ujumbe uleule, na wote waliushtukia kwa sababu haukuwa na salamu. Nasikitika kusema binamu alisema pia kwamba hata angejua ni mimi kweli asingetuma.

Nilirudi nyumbani mbio. Nikaivua kompyuta kitambaa, nikajaribu kufungua barua pepe yangu. Ikanikataa. Nikaandika neno la siri tena, polepole. Ikanikataa. Nikaandika kwa hasira, nikaandika baada ya kuomba, ikanikataa mara zote. Nikasema si kitu, barua pepe si kitu, acha nifungue kitabu. Kitabu cha Baba kilikuwa na folda yake peke yake kwenye kompyuta. Nikaibonyeza. Folda ilikuwepo, na ndani yake hapakuwa na kitu.

Niliifunga nikaifungua tena. Nilifanya hivyo mara nyingi, kama Baba na ile ndoo yake kisimani. Nilisikia hofu ya kweli, ile ya mtu aliyemshika mtoto mkono sokoni akageuka na kukuta mkono hauna mtu.

Baba akaingia. Akakaa kwenye kochi, akakunja nne, akakohoa. "Tuliishia wapi?"

Nikamwambia umeme ni mdogo leo. Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi juu ya vichwa vyetu. Akaitazama, akanitazama, akaenda kusikiliza redio.

Kesho yake nikamleta fundi wa kompyuta. Ni mtu mzima, mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na sifa yake mjini ni kwamba hamcheki mteja mbele yake. Alikiondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka pembeni.

"Umeifunika vizuri sana, mama," alisema. "Tatizo mlango ulikuwa wazi."

Akaanza kuikagua. Virusi vya kawaida alivikuta vya kutosha. Aliniuliza vimetoka wapi nikamwonyesha flashi ya kwaya, ambayo inabeba nyimbo, filamu na picha za harusi kutoka nyumba hadi nyumba.

"Hii imepita kwa nani?"

"Kwaya."

"Kwaya nzima?"

"Na ile ya parokia ya jirani. Tulikuwa na tamasha."

Aliishika kwa vidole viwili akaiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa. Lakini akasema virusi hivyo ni vya kuichosha kompyuta tu. Aliyefuta kitabu ameingia kwa mlango wa mbele, kwa ufunguo. "Neno lako la siri lilikuwa nini?"

Nikamwambia siwezi kumwambia, ni siri. Nilisema kwa heshima kabisa. Nilisoma mahali kwamba hata fundi hapaswi kuambiwa.

"Sawa kabisa," alisema. "Ila hilo limeshaibiwa, halina siri tena. Nataka nijue amelipataje."

Nilikuwa bado nasita, na wakati huohuo jirani yangu akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anataka kuazima chekecheo, na aliniita kwa nguvu zake zote jinsi anavyoniita kila siku. Aliniita mara tatu. Mtaa mzima ulisikia.

Nikamtazama fundi. "Ndilo hilo," nikasema.

"Lipi?"

"Hilo analoniita."

Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na mwaka?" akauliza kwa upole.

"Wa kuzaliwa."

"Na hilo hilo ndilo la kila kitu? Barua pepe, kompyuta, picha, benki?"

"Benki niliweka alama ya mshangao mwishoni."

Sifa yake mjini ni ya haki, hakucheka. Aliomba maji ya kunywa, akayanywa yote bila kupumua, macho ukutani. Mimi nilicheka kwanza, kicheko kibaya cha mtu aliyejipiga nyundo kidoleni. Miaka yote hiyo neno langu la siri lilikuwa likitangazwa barabarani na muuza maziwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watoto wa jirani walikuwa wanaliimba.

Kisha nikamsimulia habari ya mpangaji mwenye adabu, na fundi akaweka bilauri chini. Akaniambia wadukuzi wengi hawavunji kitu. Wanapiga simu, wanauliza habari za nyumbani, na watu wanawapa. Huyu alikuwa na anwani yangu kutoka kwenye tangazo, na kilichobaki alikiomba kwa salamu. Alipoingia alibadilisha neno la siri ili anifungie nje, akachukua namba za ndugu zangu, akafuta vilivyomo. Na ile nakala ya mtandaoni niliyojivunia haikuwa nakala. Kompyuta na mtandao vilikuwa vinafuatana, kikifutwa kimoja cha pili kinatii. Alifuta huko juu, na huku chini kompyuta yangu, chini ya kitambaa chake cheupe, ikafuta yenyewe.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwepo kwa muda gani.

"Mwanafunzi aliyekosea ni nani?" aliuliza.

Fundi akafungua kibegi chake na kuanza kupanga bisibisi ambazo hakuzihitaji. Nikasema, "Ni mimi, Baba. Nywila ilikuwa mbovu." Kwa Baba tunasema nywila, hataki kusikia paswedi. Na hilo halikuwa uongo. Mzee alijibu salamu na kumwelekeza mgeni nyumba, mambo ambayo amefundisha watoto kufanya kwa miaka thelathini na zaidi. Aliyegeuza jina la nyumba kuwa kufuli ni mimi.

"Basi urudie," Baba akasema.

Fundi alihangaika siku tano. Akaunti ilirudi kwa njia ambayo bado inanichekesha: nilipoifungua zamani nilikuwa nimejibu swali la dharura, jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza. Mpangaji wetu alikuwa amechimba kila kitu kwa Baba isipokuwa kwamba Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusoma, darasa la kwanza, kwenye shule ya bati, na kunichapa kama watoto wengine ili watu wasiseme. Nikaandika jina lake na mlango ukafunguka.

Ndani hapakuwa na kitabu. Fundi alichimbua kwenye diski akafufua vitu nilivyovifuta kwa makusudi: picha za shughuli ya binamu, barua ya kumlalamikia fundi bomba, achari ya ndimu matoleo matatu. Kitabu hakurudisha hata ukurasa. Aliniambia akiwa amesimama, kofia mkononi.

Nilikwenda chumbani kwa Baba kumwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akanyanyua godoro, na chini yake zilikuwepo karatasi zote za miezi mitatu, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na maksi zake nyekundu. Hakusema kwamba alinionya. Nilitamani aseme.

Zilifika mpaka Ijumaa ile niliyokataa kuchapisha. Malisho yalikuwemo, visima vilikuwemo, rangi zote za ng'ombe zilikuwemo na masahihisho yake. Kilichokosekana ni kilichofuata: zizi la baba yake. Tulilichapa wiki nyingi, ng'ombe mmoja mmoja, jina lake, tabia yake, mama yake, na ndama aliyemzaa.

Jioni ile niliiwasha kompyuta, Baba akakaa kwenye kochi. "Tuliishia wapi?"

"Zizi la babu, Baba. Majina ya ng'ombe."

Akafumba macho. Alikumbuka mlango wa zizi ulikuwa wa miiba. Alikumbuka harufu baada ya mvua. Nikangoja, mikono juu ya vibonyezo.

"Si nilikuambia?" alisema mwishowe.

"Uliniambia, Baba."

"Basi unayo."

Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba ili asinisikie nikilia. Nilimchukia yule kijana, kweli nilimchukia, na nikajichukia zaidi kwa ajili ya wino. Katika zizi zima nilikuwa na ng'ombe wanne tu kichwani, ambao majina yao yalinichekesha wakati nayachapa. Wengine walipita kwenye vidole vyangu bila kunigusa, kwa sababu nilikuwa na haraka, na mwalimu alikuwa ameshaliandika hilo.

Fundi alirudi kutuwekea mambo sawa. Akanilazimisha nikubali kila kitu nilichokiambia Baadaye. Programu zinasasishwa, kinga ya virusi inalipiwa, na sasa nikiingia kutoka pengine popote simu inanitumia tarakimu kwanza. Flashi ya kwaya hairuhusiwi kupita sebuleni, na kwaya wameamua kwamba najidai. Kitabu kinahifadhiwa kwenye diski ya nje ambayo hukaa imechomolewa, ndani ya kopo la mchele. Nakala nyingine iko Kibaigwa kwa shangazi, kati ya magunia, na namhurumia mdukuzi atakayeifuata huko. Na kila Ijumaa nachapisha. Juzi nimepata themanini na moja.

Ikabaki nywila mpya. Mwanangu wa pili, aliposikia yaliyotokea, aliuliza kwa uchungu kwa nini jina lake halikuwahi kutumika. Fundi akasema hapana, majina ya familia yamekwisha. Alitaka maneno manne, marefu, yasiyohusiana na chochote kinachojulikana juu yangu. "Kitu ambacho hakuna mtu duniani atakayekuita nacho barabarani," alisema. "Usimtajie mtu. Usiandike popote."

Nilikuwa nayo manne tayari.

Najua ningeweza kubadilisha nywila na kuwaweka ng'ombe hao kitabuni, na siku moja nitafanya hivyo. Kwa sasa nawaandika kila asubuhi, wanne, mmoja baada ya mwingine, na kwenye skrini vinatokea vidoti tu. Ndiyo njia yangu ya kutowasahau.

Majirani wanaendelea kuniita kwa sauti kubwa kama zamani, na sasa naitika bila wasiwasi. Shida hutokea pale tu Baba anapokaa na wageni, habari ya zizi ikamjia. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja," anawaambia, "mkorofi, akiingia shambani hatoki," halafu anasimama, analitafuta jina, na sebule nzima inangoja. Ananigeukia mimi. Siwezi kulitaja mbele ya watu. Nainuka, napita katikati ya vikombe vya chai, nainama, nalinong'ona sikioni mwake.

Anacheka mpaka anashika mbavu. "Huyo huyo! Nani amekuambia?"

"Mwalimu wangu wa darasa la kwanza," namjibu.

Baba anatikisa kichwa kwa heshima. Anasema mwalimu huyo, popote alipo, alifanya kazi yake vizuri.